Ferdinand Foch: Ofisa Mkatoliki Aliyepandishwa, Akawekwa Kando, Akaitwa Tena



Kila mwaka barua za uhamisho wa mapadre zinaposomwa, maneno huwa mengi. Fulani kapewa parokia kubwa, fulani kapelekwa pembezoni, fulani kaachwa palepale. Waamini huulizana nani kapanda na nani kashuka. Na sisi mafrateri, tukiri tu, huulizana vilevile.

Jeshini mambo haya yako wazi zaidi, kwa sababu cheo kinaonekana begani. Tena wakati wa vita uteuzi mbaya hauishii kwenye manung'uniko, bali hulipwa kwa maisha ya watu. Kwa hiyo leo tumtazame mtu mmoja ambaye maisha yake yote yalipita katika orodha za vyeo na barua za uteuzi: Ferdinand Foch, Mkatoliki wa Ufaransa, aliyeongoza majeshi ya mataifa washirika mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Kijana wa Tarbes

Foch alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1851 katika mji wa Tarbes, kusini mwa Ufaransa, chini ya milima ya Pyrénées. Tarbes uko karibu sana na Lourdes, na alikuwa mtoto wa miaka sita Bikira Maria alipomtokea Bernadette mwaka 1858. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali, na familia ilikuwa ya watu wa sala. Mdogo wake, Germain, alijiunga na Shirika la Yesu akawa padre Mjesuiti. Tulikumbuke jina la ndugu huyo, maana litarudi.

Ferdinand naye alisoma katika shule za Wajesuiti, ya mwisho ikiwa ile ya mji wa Metz. Mwaka 1870 vita ilipozuka kati ya Ufaransa na Wajerumani, alijiandikisha kama askari wa kawaida, lakini hakufika kwenye mapigano. Ufaransa ikashindwa. Aliporudi Metz kumalizia masomo, aliukuta mji umo mikononi mwa Wajerumani. Kijana aliyeketi darasani huku askari wa adui wakipita mitaani hawezi kusahau. Akaingia chuo cha Polytechnique mjini Paris na kuchagua jeshi la mizinga.

Vyeo vilivyotolewa

Ili tuelewe yaliyompata baadaye, ni lazima tujue vyeo vilitolewaje katika jeshi la Ufaransa wakati huo. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni miaka ya utumishi: aliyetangulia kupata cheo hutangulia pia kupanda. Ya pili ni kuchaguliwa: wakubwa humpendekeza ofisa, na jina lake huingizwa katika orodha ya wanaostahili kupanda. Vyeo vya chini vilichanganya njia zote mbili, lakini kuanzia luteni kanali kwenda juu ilibaki njia ya kuchaguliwa peke yake. Kila njia ina ubaya wake. Miaka peke yake huwapandisha waliochoka pamoja na wenye nguvu. Kuchaguliwa nako hufungua mlango wa upendeleo.

Foch alipanda taratibu. Mwaka 1885 aliingia Chuo cha Vita, mahali maofisa walipoandaliwa kwa uongozi wa juu, na kuanzia mwaka 1895 akarudi huko kama mwalimu. Alifundisha kwamba vita hushindwa au hupotea kwanza ndani ya nia ya kamanda. Wanafunzi walimpenda. Mwaka 1898 alikuwa luteni kanali mwenye miaka 46, na ilionekana njia imenyooka mbele yake.

Kadi za siri

Miaka hiyo Ufaransa iligawanyika vibaya kuhusu Kanisa. Serikali iliwaogopa maofisa Wakatoliki, ikidhani si waaminifu kwa Jamhuri. Woga huo haukutoka hewani, kwa sababu baadhi ya Wakatoliki hawakuficha kuuchukia utawala wa Jamhuri. Lakini dawa iliyotumika ilikuwa sumu. Jenerali Louis André, aliyekuwa Waziri wa Vita kuanzia mwaka 1900, alijitwalia mwenyewe mamlaka ya kuamua orodha za vyeo. Kisha ofisi yake ikaanza kupokea taarifa za siri kutoka kwa Wafrimasoni wa miji mbalimbali. Kadi ziliandikwa kwa maelfu. Nani anakwenda Misa, mke wa nani ni mcha Mungu, watoto wa nani wanasoma kwa mapadre. Ofisa angeweza kuwa hodari na mwenye nidhamu, lakini kadi ikamzuia, naye asijue kamwe kwa nini.

Mwaka 1901 Foch aliondolewa Chuo cha Vita na kurudishwa kikosini. Cheo cha ukanali alikipata mwaka 1903, akapelekwa kuongoza rejimenti ya mizinga huko Vannes, mbali na Paris. Mwaka 1904 siri ya kadi ilifichuliwa bungeni, na kelele zikawa kubwa hata André akajiuzulu. Hata hivyo jeshi lilikuwa limekwisha kujeruhiwa. Maofisa walikuwa wamejifunza kutoaminiana, na baadhi ya waliopandishwa kwa sababu ya siasa walibaki kwenye nafasi zao hadi vita ilipowakuta humo.

Foch afanye nini? Alikuwa na njia tatu: kuficha imani yake, kuacha jeshi kwa uchungu, au kuendelea na kazi. Aliendelea na kazi, na aliendelea kwenda Misa.

Mwaka 1907 akawa brigedia jenerali. Ikatafutwa nafasi ya mkuu wa Chuo cha Vita, na aliyekuwa na neno la mwisho ni Waziri Mkuu Georges Clemenceau, mtu aliyejulikana nchi nzima kwa kulipinga Kanisa. Inasimuliwa kwamba Foch alimweleza wazi kuwa ana ndugu Mjesuiti, na Clemenceau akamjibu kuwa hilo halimhusu hata kidogo. Mwaka 1908 Foch akakabidhiwa chuo. Adui wa mapadre alimteua ndugu wa padre, kwa sababu nchi ilihitaji mwalimu bora wa maofisa. Tumpe Clemenceau haki yake.

Vita yawapima waliopandishwa

Agosti 1914 vita ilipoanza, Foch alikuwa na miaka 62 na alikuwa akiongoza Kikosi cha Jeshi cha 20 huko Nancy. Katika wiki za kwanza Ufaransa ilipata vipigo vikubwa. Jenerali Joseph Joffre, mkuu wa majeshi, akafanya jambo ambalo wakati wa amani lingechukua miaka: aliwaondoa majenerali kwa makumi. Makamanda wawili wa majeshi makubwa, Ruffey na Lanrezac, waliondolewa ndani ya siku chache. Wengi wa walioachishwa walipangiwa kukaa Limoges, mji ulio mbali na vita, na hadi leo Wafaransa hutumia jina la mji huo kwa maana ya kumfukuza mtu kazi.

Penye pengo wakaitwa wengine. Philippe Pétain alikuwa kanali mwenye miaka 58, akisubiri kustaafu. Mwezi Agosti haujaisha akawa jenerali, na kabla ya mwaka kupita aliongoza jeshi zima. Émile Fayolle, aliyekwisha kustaafu, alirudishwa. Vyeo vingi vilitolewa kwa muda tu: mtu hupewa nyota ya kazi anayoifanya, na baadaye huthibitishwa au hurudi alipokuwa. Vita haikuwa na nafasi ya kusubiri orodha.

Hapa kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Cheo cha juu kabisa katika jeshi la Ufaransa kilikuwa jenerali wa divisheni. Aliyeongoza divisheni moja na aliyeongoza jeshi la divisheni kumi walikuwa na cheo kilekile, wakatofautiana kwa kazi waliyokabidhiwa tu. Kwa hiyo Joffre aliweza kumchukua mtu leo na kumweka juu ya mwenzake bila kumwongezea nyota hata moja, na kesho akamwondoa. Sisi tunaelewa jambo hili bila shida: daraja takatifu ni moja, lakini kazi hutolewa na askofu, naye anaweza kuibadilisha.

Foch mwenyewe alipanda baada ya kushindwa. Tarehe 20 Agosti, kwenye mapigano ya Morhange, kikosi chake kilisonga mbele na kusukumwa nyuma pamoja na jeshi zima la Jenerali Édouard de Castelnau. Castelnau alimlaumu kwa kushambulia kuliko alivyoagizwa, na Foch alikana. Lakini Joffre aliona jinsi kikosi kile kilivyorudi kwa mpangilio na kupigana tena. Mwisho wa Agosti akampa Foch kundi la vikosi ambalo punde likawa Jeshi la 9. Mapema Septemba, kwenye mabwawa ya Saint-Gond, jeshi hilo lilishikilia katikati ya mstari katika mapigano ya Marne, Wajerumani wakarudi nyuma.

Tarehe 4 Oktoba Joffre alimtuma kaskazini kuunganisha nguvu za Wafaransa, Waingereza na Wabelgiji. Kati ya majenerali aliopewa kuwasimamia alikuwemo Castelnau, ambaye wiki sita nyuma alikuwa mkubwa wake. Fikiri, msomaji, jinsi mkutano wao wa kwanza ulivyokuwa mgumu kwa wote wawili. Castelnau alitii.

Msiba

Wakati nyota yake inapanda, nyumba yake iliingiwa na msiba. Tarehe 22 Agosti 1914, siku moja tu, mtoto wake wa kiume Germain aliuawa vitani, na mkwewe, Kapteni Paul Bécourt, akauawa pia. Habari zilimfikia Foch katikati ya Septemba. Wasaidizi wake walisimulia kwamba aliomba aachwe peke yake kwa nusu saa, kisha akawaita na kuendelea na kazi. Watoto wa watu wengine walikuwa wakisubiri amri zake.

Tusimfanye malaika. Mwaka 1915, mashambulizi aliyoyasimamia huko Artois yaliwagharimu Wafaransa zaidi ya watu laki moja waliouawa, kujeruhiwa au kupotea katika wiki chache, na ardhi iliyopatikana ilikuwa kidogo. Nia ya kamanda haikutosha mbele ya bunduki za rashasha na seng'enge. Foch alijifunza, lakini masomo yake yalilipwa na wengine. Kila anayetamani cheo na alikumbuke hilo.

Kuwekwa kando

Mwaka 1916 vita ya Somme haikuleta ushindi uliotarajiwa. Desemba serikali ikamwondoa Joffre, ikimpoza kwa heshima ya Marshali. Badala yake akateuliwa Jenerali Robert Nivelle, mdogo kuliko majenerali wengi, aliyejua kuongea vizuri na wanasiasa na kuahidi ushindi wa haraka. Foch naye alipoteza uongozi wake na kupewa kazi za kupanga mipango pembeni. Watu wengi waliona habari yake imekwisha.

Aprili 1917 shambulio la Nivelle lilishindwa vibaya, na baada yake vikosi vingi viligoma kushambulia. Mei 1917 Pétain akachukua majeshi ya uwanjani, na Foch akaitwa Paris kuwa Mnadhimu Mkuu. Miezi mitano hivi ilikuwa imepita tangu awekwe kando. Katika kipindi hicho hakuanzisha kundi la kumpinga aliyemrithi.

Doullens

Tarehe 21 Machi 1918 Wajerumani walishambulia kwa nguvu zao zote mahali majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipokutana. Mstari ukavunjika. Waingereza walitazama bandari zao upande wa kaskazini, na Pétain aliitazama Paris upande wa kusini. Kila mmoja akilinda kwake, adui angepita katikati. Kosa la miaka mitatu na nusu likaonekana: washirika walikuwa na makamanda wengi na hawakuwa na mkuu mmoja.

Tarehe 26 Machi viongozi walikutana katika ukumbi wa mji mdogo wa Doullens. Walikuwepo Rais Poincaré, Clemenceau aliyekuwa tena Waziri Mkuu, Lord Milner kutoka Uingereza, Feldimarshali Haig, Pétain na Foch. Clemenceau alipendekeza Foch aratibu majeshi yaliyo karibu na Amiens. Haig, kamanda wa Waingereza, ndiye aliyeomba madaraka hayo yapanuliwe yafikie majeshi yote ya upande wa magharibi. Mwingereza aliyeona wivu wa madaraka utawaangamiza wote alikubali kuwekwa chini ya Mfaransa. Tarehe 3 Aprili huko Beauvais Foch akapewa uongozi wa mikakati, na katikati ya Aprili akatajwa rasmi kuwa Jenerali Mkuu wa majeshi ya washirika.

Lakini tazama mipaka ya madaraka yake. Hakuweza kumteua wala kumfukuza kamanda wa Waingereza au wa Wamarekani. Kila kamanda wa taifa alikuwa na haki ya kulalamika kwa serikali yake kama angeona amri inahatarisha jeshi lake. Na mwenye kuongoza mamilioni ya askari alikuwa bado na cheo kilekile cha jenerali wa divisheni. Nguvu yake ilikuwa kushawishi. Alisafiri kutoka makao hadi makao, akisikiliza, akibembeleza, akisisitiza.

Ofisi yake ilikuwa ndogo, na mkono wake wa kulia alikuwa Maxime Weygand, aliyeanza naye mwaka 1914 akiwa luteni kanali wa farasi. Weygand hakuwahi kusoma Chuo cha Vita, na alizaliwa Brussels bila wazazi wake kutajwa. Foch alitazama kazi yake, hakuuliza ukoo.

Mwisho wa Mei Wajerumani walivunja tena mstari na kufika mto Marne. Wabunge walitaka vichwa vya majenerali. Kamanda wa jeshi lililovunjwa, Duchêne, aliondolewa, lakini Clemenceau alisimama bungeni kumtetea Foch. Tarehe 18 Julai Foch akajibu mapigo. Shambulio kuu liliongozwa na Charles Mangin, jenerali aliyefukuzwa mwaka uliotangulia baada ya kushindwa kwa Nivelle na kurudishwa kazini kwa imani ya Clemenceau na Foch. Kuanzia siku hiyo Wajerumani walirudi nyuma. Agosti 1918 Foch akafanywa Marshali wa Ufaransa. Kwa sheria za nchi hiyo umarshali ni heshima, si cheo cha kawaida, na kwake ulifika kazi ikiwa tayari inafanyika.

Novemba, katika behewa la treni msituni Compiègne, Foch aliwapokea wajumbe wa Ujerumani walioongozwa na Matthias Erzberger, mwanasiasa Mkatoliki. Walitia saini alfajiri ya tarehe 11 Novemba 1918, na saa tano asubuhi mizinga ikanyamaza. Kipengele kimoja cha mkataba ule kilihusu majeshi ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo ndiyo sababu von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha huko Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba, na ikawa mwisho wa mateso ya askari na wapagazi wetu ambao hakuna aliyewaandika katika orodha ya vyeo.

Foch alifariki Paris tarehe 20 Machi 1929, akazikwa Les Invalides.

Aliyekosa heshima hiyo

Habari hii ingeishia hapo ingekuwa tamu mno. Turudi kwa Castelnau. Alikuwa Mkatoliki wa wazi kuliko Foch, hata akaitwa Mkapuchini mwenye buti. Alikuwa na watoto kumi na wawili, na vita ikamchukulia wana watatu. Aliutetea mji wa Nancy mwaka 1914, na mwisho wa vita aliongoza majeshi ya mashariki. Umarshali hakupewa kamwe, na wengi wameamini kuwa sababu ni imani yake. Aliendelea kuwatumikia Wakatoliki wa nchi yake hadi uzeeni bila cheo hicho.

Tujifunze nini?

Kwanza, wenye mamlaka ya kuteua wakumbuke kadi za André. Taarifa ya siri ambayo mhusika hawezi kuijibu huharibu jumuiya hata inapolenga mtu mmoja. Na tusidhani kadi hizo huandikwa na maadui wa Kanisa peke yao. Sisi nasi tunaweza kumwandikia mwenzetu kadi kwa mdomo, jikoni au kwenye kibaraza, kwa kabila lake, jimbo lake au rafiki zake.

Pili, anayeteuliwa ajue kuwa kazi ni kwa ajili ya watu. Foch alipanda kwa sababu watu walihitaji kuokolewa, na alipokosea, watu ndio waliolipa.

Tatu, anayeachwa au kushushwa asikate tamaa wala asilipize. Foch aliwekwa kando akaitwa tena. Castelnau hakuitwa kwenye heshima hiyo. Hatujui kwetu itakuwa ipi kati ya hizo mbili. Tunachoweza kuchagua ni namna ya kufanya kazi tuliyo nayo leo, iwe ni parokia kubwa, kigango cha mbali, au zamu ya kufagia kanisa. Barua ya uhamisho ikisomwa, tuisikilize kwa moyo huo.